Ukitaka kuona banakali akijigandisha, usingoje awe mkubwa

Sisi wa Nairobi tukishuka pwani tunawaona kwa nguzo za jeti, yaani gati ya boti, na chini ya mashua, vile vidude vyeupe vigumu vyenye umbo la kilima kilichokatwa kichwa, ukivikanyaga bila viatu vinakuchana mguu. Hao ndio banakali. Wengi hudhani ni konokono ama chaza, lakini ni jamaa wa kaa na kamba, wana miguu yenye viungo na wanajivua ngozi vilevile. Kama una mtoto anasoma baiolojia, ama wewe mwenyewe unapenda tu kujua, unaweza kuwaona wakijishika na huhitaji maabara.

Tafuta kipande cha perspeksi, ile plastiki ngumu ya kuona ndani. Mafundi wa mabango hapa mjini huwa na mabaki, waombe kimoja cha ukubwa wa daftari, kiwe kinene kidogo kisipinde. Toboa mashimo mawili juu. Nusu moja ikwaruze na msasa, hiyo nyingine uiache safi kabisa. Beba pia kamba ya nailoni, kitu kizito cha kuivuta chini na lenzi ya mkono.

Ukifika Mombasa ama Kilifi ongea na mwenye jeti kwanza, na usifunge kitu chochote ndani ya hifadhi ya bahari bila kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Jeti inayoelea ndio nzuri, maji yakipwa perspeksi yako haiachwi juani. Ining'inize wima, kama nusu mita chini ya maji, mahali mawimbi hayapigi sana. Na ukiona nguzo za karibu zimejaa banakali wakubwa, usihame, kwa sababu watoto wao hunusa kemikali za wakubwa na hupenda kukaa penye wenzao.

Sasa hapa ndio watu hukosea, wanarudi baada ya miezi mitatu wanakuta magamba wanapiga picha basi, na kumbe tukio lenyewe lilipita kitambo. Banakali huanza maisha akiogelea, lava mdogo, yaani mtoto asiyefanana bado na wazazi, anayekula mwani wa majini na kujivua ngozi mara kadhaa, halafu anageuka kuwa sipridi, hatua ya mwisho kabla ya kujigandisha, ana nusu milimita hivi. Sipridi hali kitu. Anaishi kwa mafuta aliyojiwekea mwilini, kwa hivyo lazima apate mahali kabla yaishe. Toa perspeksi mapema, siku za kwanza kwanza, ikishaanza kuwa na utelezi, uilaze ndani ya beseni la maji ya bahari uangalie na lenzi pole pole. Utaona kama punje ya kahawia inatembea kwa antena mbili, kila moja ina kikanyagio kwa ncha, na kila anapokanyaga anaacha alama ya gundi nyepesi. Anapima. Asipopapenda anajing'oa anaogelea aende zake, na mimi hapo ndipo napapenda kuliko sehemu zote, mdudu asiye na ubongo wa maana anachagua nyumba ya maisha yake yote.

Akiridhika anatoa gundi ya kudumu kutoka tezi za kichwani. Utafiti wa 2014 ulionyesha kwamba mafuta hutoka kwanza, yanasukuma maji pembeni, halafu protini zinafuata na kushika. Ukijaribu kugundisha kitu chenye maji utajua hiyo ni kazi ngumu vipi! Hapo hatoki tena. Anageuka haraka kuwa banakali mdogo, kichwa chini miguu juu, na hiyo miguu ndiyo huitoa nje kuchota chakula. Mwanasayansi Charles Darwin alikaa akiwachunguza hawa wadudu miaka 8, 1846 hadi 1854, na simshangai.

Kama unarudi Nairobi, mwachie mtu wa hapo akupigie picha kila siku wiki ya kwanza, rula ikiwa kando, baadaye kila wiki inatosha. Hesabu kila upande, mara nyingi ule wa msasa hujaa zaidi. Ule safi ni wa kutazama kutoka nyuma, unaona kitako cha banakali, mviringo wenye pete pete, maana akikua anapanua ukingo na kuongeza gundi mpya chini yake. Gamba halivui, anavua ngozi ya ndani tu.

Mwenye boti ajue hili: wakiwa wachanga kitambaa na ukucha vinatosha kuwatoa, wakikomaa utavunja kuta na kitako kibaki kimeganda. Ndio maana wenye majahazi walikuwa wanapandisha chombo na kukipaka deheni, yaani mchanganyiko wa shahamu na chokaa, mara kwa mara.

Usijaribu kuwafuga Nairobi kwa maji ya mfereji, watakufa. Ukimaliza iache perspeksi ikauke kabisa huko huko, la sivyo itanuka safari nzima, halafu ukifika mulika tochi kutoka nyuma uhesabu zile pete.