Pitisha uzi wa akiba kabla ya kutoa vitanzi kwenye fremu

Kwa wanaofuma shali nyepesi kwa kroshia ya fremu, ile yenye vyuma viwili: ukanda wa vitanzi unaofumwa kati ya vyuma hivyo ukijaa, usiuchomoe hivi hivi. Chukua sindano butu yenye uzi laini wa pamba wa rangi tofauti, ndio uzi wa akiba, uupitishe ndani ya vitanzi vyote vya upande mmoja ukifuata chuma, kisha upande wa pili. Acha mikia mirefu, funga ncha, ndipo uvute vyuma. Vitanzi vya uzi mwembamba vikikosa cha kuvishikilia hujisokota, na wakati wa kuunganisha kanda mbili hutajua kipi kinatangulia kipi. Vikiwa kwenye uzi vinabaki kwa mpangilio, vikitazama upande mmoja, na kuhesabu kunakuwa rahisi. Mimi hufunga kipande kidogo cha uzi kila baada ya vitanzi 50, maana kanda zisipolingana idadi shali huenda upande. Uzi wa akiba uchomoe polepole kadiri unavyounganisha, si wote kwa mpigo.

Haifai kila mahali. Uzi wa akiba wenye manyoya hunasa kwenye uzi wa mohea (sufu ya mbuzi wa Angora) na kuukwanyua. Ukiwa mfupi, ukanda hujikunja na vitanzi hubanana. Na kama shali ni nyeupe, achana na uzi mwekundu au wa rangi yoyote inayochuja, hasa ukipenda kuilowesha na kuinyoosha kabla ya kuunganisha.