Nzi asiye na mabawa: namna ya kumtambua mdudu wa pangoni

Kijana wa jirani hapa Chumbageni alinijia jioni moja ameshika kiberiti. "Shikamoo, babu. Nimekuletea buibui mlemavu." Walikuwa wamekwenda matembezi ya shule kwenye mapango ya Amboni, akamkuta ukutani. Nikafungua. Mdudu wa rangi ya asali, mdogo kuliko punje ya mchele, miguu mirefu iliyokunjika ovyo, kichwa hakionekani. Nikahesabu miguu: mitano.

Mimi mshahara wangu wote niliula kwa kulisha mbung'o maabarani hapahapa Tanga, enzi zile tulipokuwa tukiwazalisha madume, yanafanywa tasa kwa mionzi, kisha ndege inayamwaga juu ya Unguja, ili majike yakipandana nayo yasizae. Kisiwa kilitangazwa hakina mbung'o mwaka 1997. Kwa hiyo nzi hanibabaishi. Huyu alinikalisha mpaka isha.

Kwanza mtoe kwenye kiberiti. Kiberiti ndicho kilichomvunja yule mguu, na kila ukikitikisa unavunja mwingine. Tafuta kichupa cha dawa ya sindano kilichosafishwa, utie spiriti ya asilimia 70 hadi 80. Usimchome pini kama kipepeo. Mwili wake laini, akikauka anasinyaa na alama zote zinapotea. Ukitaka kumwangalia, mmimine kwenye kisahani cheupe pamoja na spiriti kidogo, umgeuze kwa brashi laini ya rangi. Kioo cha kukuza mara 10 kinatosha kwa kuanzia.

Sasa hesabu. Usihesabu miguu, hesabu mashina yake, pale inapochomoza kifuani. Huyu wetu alikuwa na miguu mitano lakini mashina sita, na shina la sita lilibaki kama kitundu. Buibui ana minane, basi buibui ametoka. Ila usishangilie mapema: kupe mchanga aliyetoka kwenye yai naye ana miguu sita. Tofauti ni kwamba mwili wa kupe ni kama mfuko mmoja, na huyu ana kifua kilichojitenga na tumbo.

Hatua inayofuata ndiyo inayomaliza ubishi. Nzi wa kawaida ana mabawa mawili, si manne kama nyuki, na nyuma ya mabawa ana vijiti viwili vyenye vichwa vya mviringo, mfano wa njiti za kiberiti. Sisi maabarani tuliviita haltea. Ndivyo vinavyomsaidia kujisawazisha angani. Mdudu wa Amboni mabawa hana kabisa, lakini nilipomlaza ubavu na kumulika kwa tochi ya simu, nikaviona vijiti vile vimejificha kwenye kishimo pembeni mwa kifua. Babu zake waliruka. Yeye ameacha mabawa, vijiti vimebaki.

Kichwa je? Kipo. Kimekunjwa kwa nyuma na kulazwa kwenye mfereji juu ya kifua, ndiyo maana ukimtazama haraka unadhani kimekatika. Miguu nayo inaota karibu na mgongo, kwa hiyo utajikuta unamgeuza mara mbili tatu hujui lipi tumbo lipi mgongo. Tazama pia ncha za miguu, kuna kucha nene za kung'ang'ania manyoya, na kifuani kuna safu ya miiba mithili ya kitana. Ukiyakuta hayo yote kwa mdudu mmoja, una nzi wa popo wa familia ya Nycteribiidae.

Nilicheka peke yangu, maana huyu ni ndugu wa mbung'o. Jike la mbung'o hatagi mayai; hulea buu mmoja tumboni na kumzaa akiwa amekomaa. Nzi wa popo hufanya vilevile, na jike hushuka kutoka kwa popo kwenda kumbandika mwanawe ukutani. Muda mwingine wote anaishi ndani ya manyoya akinyonya damu. Nadhani kijana alimkamata mama akiwa kazini.

Kufikia jina kamili la spishi ni kazi ya darubini, hasa kwa kuangalia viungo vya uzazi vya dume, na inasaidia sana kujua alitoka kwa popo gani. Eucampsipoda africana, kwa mfano, hukaa kwa popo wa matunda walalao mapangoni. Lakini usimshike popo ili upate jibu. Popo hao hubeba virusi vya Marburg, ugonjwa uliowaua watu Kagera mwaka 2023. Chukua cha ukutani, nawa mikono kwa sabuni, basi. Piga picha za mgongo, tumbo na ubavu, rula ikiwa pembeni, umpelekee mtaalamu wa wadudu pamoja na kichupa.

Ndani ya kichupa tia karatasi iliyoandikwa kwa penseli, kwani wino wa kalamu huyeyuka kwenye spiriti. Ya kijana tuliandika: Tanga, mapango ya Amboni, ukutani, karibu na popo, tarehe, jina lake. Alitaka kuandika "buibui mlemavu". Nikamruhusu aandike nyuma ya karatasi.

Kila mwezi angalia kizibo. Spiriti ya Tanga, kwa joto hili, hupungua upesi.