Oili na grisi za mashine ya kusaga: ipi, wapi na kiasi gani

Kinu cha nyundo kinachosaga mahindi huua beringi zake kwa njia tatu: unga unaoingia ndani, grisi mbili zisizopatana, na grisi iliyozidi. Ya tatu ndiyo ngumu kuikomesha, kwa sababu mwenye kuifanya anaamini kabisa kwamba anaitunza mashine.

Tuanze na grisi yenyewe. Grisi ni oili iliyoshikiliwa na sabuni ya lithiamu, kalsiamu au kitu kingine. Kinacholainisha ni ile oili. Sabuni inaitunza na kuiachia kidogo kidogo. Kwenye kopo tafuta namba ya NLGI, inayoonyesha ugumu: 000 inatiririka, 6 ni ngumu kama kipande cha sabuni. Beringi za kinu zinataka namba 2, yenye sabuni ya lithiamu au lithiamu kompleksi. Grisi ya lithiamu huanza kudondoka ikifika nyuzi 180 hivi, lakini usiitegemee kwa muda mrefu zaidi ya 120. Ile ya kalsiamu ya kizamani inastahimili maji vizuri, ila ikizidi nyuzi 60 hivi inaharibika, na beringi ya kinu inafika hapo kila siku. Grisi nyeusi yenye molibdenamu iache kwa pini za trekta na sehemu nyingine zinazokwenda polepole na kubeba mzigo mzito. Shafti inayozunguka mara 3,000 hivi kwa dakika haiihitaji.

Rangi haikuambii chochote. Nyekundu, bluu au njano ni rangi tu iliyotiwa kiwandani, na kila kampuni ina yake. Ukichanganya grisi ya lithiamu na ile iliyoshikiliwa na poliyurea au udongo, mara nyingi mchanganyiko unalainika na kutoka wote kama uji, beringi ikabaki kavu. Ukibadili aina, fungua beringi, uioshe kwa mafuta ya taa, uikaushe kabisa, ndipo upake mpya.

Sasa kiasi. Zidisha kipenyo cha nje cha beringi kwa upana wake, vyote kwa milimita, kisha zidisha kwa 0.005. Jibu ni gramu za kuongeza. Beringi ya 6308 ina kipenyo cha 90 na upana wa 23, kwa hiyo inahitaji gramu 10 tu. Mkono mmoja wa bomba la grisi, yaani kubana mpini mara moja, unatoa gramu ngapi? Mabomba yanatofautiana sana, basi usikisie: piga mikono kumi juu ya karatasi, weka kwenye mizani ya duka, gawa kwa kumi. Andika jibu kwenye bomba lenyewe kwa rangi isiyofutika.

Grisi ikizidi, vigololi vinaikoroga badala ya kupita juu yake. Joto linapanda, oili inajitenga na sabuni, sili inasukumwa nje, na unga unapata mlango. Fundi akiona beringi ya moto anaongeza grisi tena, na hali inazidi kuwa mbaya. Beringi ikiwa mpya, jaza nafasi iliyo wazi ndani yake theluthi moja hadi nusu, si zaidi.

Kabla ya kupiga bomba, futa nipeli (kichwa kidogo cha kuingizia grisi) na mdomo wa bomba kwa kitambaa safi. Tafadhali usiruke hatua hii. Vumbi lililokaa juu ya nipeli linasukumwa moja kwa moja hadi kwenye vigololi. Kama kuna tundu la kutolea grisi ya zamani, lifungue. Piga polepole. Joto likipanda kidogo baada ya hapo kisha likashuka ndani ya saa chache, ni kawaida. Lisiposhuka, umezidisha au beringi imekwisha. Beringi iliyozibwa pande zote, yenye alama ya 2RS au ZZ na isiyo na nipeli, haiongezwi kitu: inabadilishwa.

Muda wa kuongeza unategemea joto. Juu ya nyuzi 70, kila nyongeza ya 15 inapunguza maisha ya grisi kwa nusu. Na kwa kuwa hiki ni chakula cha watu, mahali ambapo grisi inaweza kudondokea unga tumia yenye alama ya NSF H1, yaani grisi inayokubalika palipo na chakula. Ni ghali zaidi, lakini hapo si mahali pa kubana matumizi.

Kwenye injini ya dizeli ya silinda moja inayoendesha kinu, soma herufi za API (daraja la oili ya injini) kwenye kopo: za dizeli huanza na C, za petroli na S. SAE ni kipimo cha uzito wa oili; SAE 40 inatosha kwenye joto la Pwani. Njombe au Limuru asubuhi ya baridi, 15W-40 inafika kwenye beringi za injini mapema zaidi, na ikipata moto uzito wake ni ule ule wa 40. Injini nyingi za aina hii hubadilishwa oili kila saa 100 za kazi, na ikiwa mpya, mapema zaidi. Kitabu chake ndicho mwamuzi. Imwage ikiwa moto ili uchafu utoke nayo. Bakuli la kichujio cha hewa nalo lina oili: lioshe na ulijaze hadi alama tu, maana oili ikizidi injini inaivuta ndani.

Oili nyeupe kama maziwa ina maji. Ikipanda kwenye kijiti bila kuongezwa na kunuka dizeli, angalia nozeli na pampu. Usiishie kuimwaga na kuweka nyingine.

Kwenye sanduku la gia, wengi hudhani namba 90 ni nzito kuliko oili yoyote ya injini. Vipimo hivyo ni viwili tofauti. Oili ya gia ya 90 inakaribiana na ya injini ya 40 au 50. Gia ikiwa ya shaba, epuka oili ya gia ya daraja la GL-5 isipokuwa mtengenezaji ameiruhusu, kwa kuwa viungo vyake vya salfa vinaweza kuila shaba, hasa ikiwa moto.