Taa zinapiga juu? Zishushe mwenyewe ukutani
Jamani msimu wa korosho huu kipande cha barabara ya Mingoyo kwenda Masasi usiku ni mateso, gari inakuja na dimu (mwanga wa chini) lakini inakupiga machoni kama fulu (mwanga wa juu). Mara nyingi sio balbu kali, ni taa zimekaa juu, na ukipakia magunia nyuma pua inanyanyuka ndo inazidi kabisa.

Jaza upepo tairi zote, paki sehemu tambarare mita 5 toka ukutani, mtu akae siti ya dereva. Kama gari ina kile kigurudumu cha kushusha taa pale karibu na usukani kiweke 0 kwanza. Pima toka chini mpaka katikati ya taa, piga chaki ukutani urefu huohuo, washa dimu, ule mstari mwanga unapokatia uwe chini ya chaki kama sentimita 5 hivi. Ukiwa juu fungua boneti, nyuma ya taa kuna skrubu, zungusha pole pole na bisibisi ya nyota huku mwenzako amekinga taa ya pili na kipande cha boksi usije ukachanganya. Mwanga ukipanda kidogo upande wa kushoto acha, ndo inavyotakiwa, sisi tunaendesha kushoto.