Nani Analipa? Namna ya Kuipima Anime Inayochanganya Uchawi na Sayansi

Anime, yaani katuni za Kijapani, zinazochanganya uchawi na sayansi huharibikia mahali pamoja. Shujaa amebanwa ukutani, pumzi imemwishia, mara anachomoa nguvu ambayo hakuna aliyewahi kuitaja. Katika hadithi ya uchawi mtupu hilo linavumilika. Lakini uchawi ukishajiita sayansi umeweka kanuni, na kanuni ina gharama. Anayetaka kuandika tathmini ya maana afanye kama mwenye duka: ashike daftari, aangalie nani amekopa na nani amelipa.

Mfano wetu ni Fullmetal Alchemist: Brotherhood ya studio Bones, sehemu 64, iliyorushwa Japani kuanzia Aprili 2009 hadi Julai 2010 kutoka manga (hadithi ya katuni za kuchapishwa) ya Hiromu Arakawa. Tutafichua mambo ya katikati, hivyo kama hujaitazama, kaitazame kwanza.

Chagua nakala yenye sauti ya Kijapani na maandishi ya tafsiri chini. Zile zilizotafsiriwa na DJ zinachangamsha sana, ila kwa kazi hii zitakuangusha, kwa sababu DJ akiita kila kitu “uchawi” nusu ya hadithi imepotea. Amestris, nchi ya kubuni ya hadithi hii, ufundi huu ni renkinjutsu, yaani alkemia. Wageni wa kutoka Xing wana rentanjutsu, inayoegemea tiba na kuchota nguvu zake kwingine. Siku adui mkuu anapozima alkemia ya Amestris, rentanjutsu inaendelea kufanya kazi, na asiyejua tofauti atadhani mwandishi amedanganya. Kiswahili chenyewe kinatusaidia hapa: alkemia hii iko karibu na uganga kuliko uchawi. Inasomewa, ina vifaa, na ina malipo.

Chora safu nne daftarini: kanuni iliyotajwa, ilipotajwa (namba ya sehemu na dakika), ilipotumika, na aliyelipa. Tazama sehemu tano kwa kikao. Kila moja ina kama dakika 24, ukitoa wimbo wa kufungulia na wa kufungia inabaki hadithi ya dakika 21 hivi, kwa hiyo kikao hakifiki saa mbili. Usiihukumu kwa sehemu ya 1. Haimo kwenye manga, na inakurundikia watu wengi kwa mpigo. Uzito unaanza sehemu ya 2, na ukimaliza ya 4 utajua kama mfululizo huu ni wako.

Kanuni kuu hutajwa mapema: ukitaka kupata kitu, toa chenye thamani sawa. Kazi yenyewe ina hatua tatu: kuelewa kitu kimeundwa na nini, kukivunja, kukiunda upya. Ziandike, kwa sababu baadaye atakuja mtu anayeitwa Scar ambaye mkono wake unaua kwa kuishia hatua ya pili tu. Hiyo ndiyo dalili ya kanuni iliyokaa sawa: tishio jipya linatoka ndani yake, halikuja na basi la jioni.

Sasa kagua sayansi, na hapa usiogope kutumia kikokotoo. Edward, shujaa wa hadithi pamoja na mdogo wake Alphonse, anataja mahitaji ya mwili wa mtu mzima: maji lita 35, kaboni kilo 20, amonia lita 4, chokaa kilo 1.5, fosforasi gramu 800, chumvi gramu 250, shura gramu 100, salfa gramu 80, florini gramu 7.5, chuma gramu 5, silikoni gramu 3, na elementi nyingine 15 kidogo kidogo. Jumla inapita kilo 60 kidogo, uzito wa mtu wa kawaida. Maji yako sawa. Chokaa nayo inashangaza: kilo 1.5 za oksidi ya kalisi zina kalisi kama kilo 1.07, na mwili wa mtu mzima una takriban kilo moja. Kaboni ndiyo imezidi, kwa sababu ni kama asilimia 18 ya uzito wa mwili, kwa hiyo kilo 11 hivi zingetosha. Kosa hili usilikatie alama nyingi. Swali la msingi ni kama orodha inafanya kazi ndani ya hadithi, na inafanya: vitu vyote vimepatikana, vijana hao wawili wamejaribu kumfufua mama yao, wameshindwa, kwa sababu hakuna aliyejua roho inalipiwa kwa kitu gani. Edward akapoteza mguu, kisha mkono. Alphonse akapoteza mwili mzima. Jaza safu ya nne.

Mtihani wa pili ni wa udhaifu. Chukua glavu za Roy Mustang, mwanajeshi anayepigana kwa moto. Kitambaa kinatoa cheche, naye kwa alkemia anapanga oksijeni hewani ili moto uende anakotaka. Glavu zikilowa, hana kitu. Watazamaji wengi huishia kucheka mvua inaponyesha. Wewe subiri mpaka sehemu ya 19, adui yake Lust anapopasua bomba na kumlowesha. Mustang anayavunja maji yaleyale kupata hidrojeni, kiberiti cha gesi cha Havoc, askari wake, kinawasha, chumba kinalipuka. Baadaye, glavu ikiwa haipo, anajichora duara la alkemia nyuma ya mkono kwa kuikata ngozi, anatumia kiberiti kilekile. Angalia vizuri: hakuna nguvu mpya hata moja. Kilichomnyima silaha ndicho kimempa silaha, na bado ametoka na majeraha. Ukikuta pambano la namna hii, toa alama zote bila choyo.

Makosa ya wanaotathmini kwa pupa ni mawili. La kwanza ni kuona Jiwe la Mwanafalsafa na kusema kanuni imevunjwa, maana mwenye nalo anapata bila kutoa. Acha mstari wazi daftarini, uandike “deni”. Ikifichuka kwamba jiwe limetengenezwa kwa roho za watu, utaona bei ililipwa tangu zamani, ila na wengine. Deni likifika mwisho wa mfululizo bila mlipaji, hapo ndipo unakata.

La pili ni kupima mfululizo mmoja kwa daftari la mwingine. Fullmetal Alchemist ya 2003, sehemu 51, ilitengenezwa manga ikiwa mbali na kumalizika, ikajitengenezea njia yake. Nguvu ya alkemia mle ina chanzo tofauti kabisa. Ipe ukurasa wake. Vivyo hivyo A Certain Magical Index ya 2008: kule uchawi na sayansi ni kambi mbili zinazopigana, kwa hiyo uliza kama kila kambi inaheshimu mipaka yake, usiulize kama uchawi una fomula.

Alama zinatosha 20: kanuni 6, gharama 6, watu 4, sayansi ya kweli 2, picha na muziki 2. Sayansi tumeipa chache makusudi, kwa kuwa hadithi yenye kemia sahihi na kanuni inayobadilika kila wiki inachosha kuliko yenye kaboni iliyozidi. Brotherhood tungeipa 17. Imekimbizwa mno sehemu za mwanzo, kiasi kwamba msiba mmoja mkubwa unafika kabla hujamzoea marehemu, na vile vichekesho vya nyuso zilizokunjwa hukatiza matukio yaliyostahili kimya.

Ukiandika, taja namba ya sehemu kwenye kila dai, na juu kabisa useme umefichua mpaka sehemu ya ngapi.