Kozi ya Mazingira kwa Kamba, Flashi na Maji Kupwa

Mwaka wa kwanza niliwataka wanafunzi wanunue kitabu. Kilipatikana kimoja, kikazunguka darasa zima, kikanirudia bila sura ya tatu. Tangu hapo kozi yangu, hapa pwani ya Kenya, huanzia mahali, si kitabuni.

Nawe ukitunga kozi yako, chagua mahali pamoja panapofikika kwa matatu. Sisi huenda Gazi, Kwale, ambako tangu 2013 wanakijiji wa mradi wa Mikoko Pamoja wanafanya biashara ya kaboni (huuza kiasi cha hewa ukaa ambacho miti huhifadhi) kwa hekta 117 za mikoko. Hapo utapata biolojia, uchumi na sheria kwa safari moja. Andika maswali kumi yanayozuka hapo, kila swali liwe la wiki moja. Ndipo utafute cha kusoma.

Vya bure vipo tele: ripoti za IPCC (jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi), Katiba ya 2010 (anza na Ibara ya 42 na ya 69), picha za setilaiti za Landsat, ambazo tangu 2008 hazilipiwi na zinarudi nyuma hadi 1972. Lakini cha bure mtandaoni hula bando, na bando ni la mwanafunzi. Pakua wewe mara moja, taja kurasa za kusoma (ripoti nzima ya IPCC hakuna anayeimaliza, hata mimi), tia kwenye flashi, wenyewe watarushiana kwa simu. Ukitaka kutafsiri kitu, tazama leseni kwanza: ya Creative Commons (leseni huria) yenye herufi ND, yaani kazi isigeuzwe, haikuruhusu kusambaza tafsiri yako.

Siku ya msitu, ruhusa iwe imeombwa mapema. Nendeni wakati wa bamvua, maji yakiwa yamekupwa. Chukueni kamba yenye fundo kila mita, vijiti vinne na futi ya fundi cherehani. Zungushieni kamba mita 10 kwa 10, mpime mzingo wa kila mti, mgawanye kwa 3.14 mpate kipenyo. Mchu, aina mojawapo ya miti ya mikoko, hupimwa mita 1.3 kutoka chini. Mkoko wenyewe husimama juu ya mizizi yake kama mtu aliyekunja kanzu. Tafuta mzizi ulioanzia juu kuliko yote, panda sentimita 30, futi izunguke hapo. Mzizi upi ndio wa juu? Hapo wanafunzi wangu hubishana dakika ishirini, tope magotini, nami huwaacha.

Vipimo viandikwe kwa penseli. Mwaka jana kundi moja lilitumia kalamu ya wino, daftari likaanguka majini, kazi ya asubuhi nzima ikawa madoa ya buluu.