Somo: kugeuza shamba la mivinje (miti ya boriti, kasuarina) liwe msitu wa asili tena (Malindi)

Wandugu, la kwanza kabisa USIFYEKE YOTE. Sisi huku Msabaha tulianza kwa kukata nusu eka kweupe, jua likapiga ule mchanga, mvua ilivyokuja pakajaa magugu na miarobaini, roho iliniuma sana.

Kwa hivyo anza hivi. Piga magoti chini ya mivinje, fukua yale majani makavu kama nywele kwa mkono, angalia. Mimi nilikuta vimiche vya mkwaju na mkone vya urefu wa kidole, mbegu zimeletwa na ndege na wanyama. Kila kimoja kifungie kitambaa chekundu watu wa panga wasikikanyage.

Halafu punguza, kata mvinje mmoja kwa kila mitatu, boriti uza. Mvinje kwa kawaida kisiki hakichipui na mizizi yake inarutubisha udongo, shida ni kivuli na lile zulia la majani lisilooza. Rene Haller, yule aliyerudisha msitu kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji kule Bamburi, Mombasa, alianza na mivinje 1971, majani yakagoma kuoza mpaka alipoleta jongoo! Jongoo basi usiwaue jamani.

Mbegu okota karibu na kwako, za miti ya kienyeji kama mbambakofi, mrihi, mgurure. Ukitaka za kaya, ile misitu mitakatifu ya Wamijikenda, ongea na wazee kwanza, usiingie tu. Mbegu ya mbambakofi ni ile nyeusi yenye kofia nyekundu, ngumu, isugue kwenye jiwe upande mmoja mpaka weupe utokeze, loweka usiku kucha. Panda masika kwenye mianya, bila mistari.

Swali: Yangu ni miarobaini, si mivinje?
Jibu: Hiyo kazi zaidi kaka, ukikata inachipua. Midogo ng'oa udongo ukiwa umelowa, visiki vunja machipukizi kila yakitoka, usichoke.

Swali: Na mbuzi wa jirani?
Jibu: Zungushia kila mche matawi ya miiba, na ukaongee naye, mwenzako huyo.

Swali: Mie mjane na boriti ndiyo ada ya watoto, nikiitoa mivinje tutakula nini?
Jibu: Pole dadangu, ndiyo maana nasema usiitoe kwa mkupuo, uza kidogo kidogo miaka kadhaa. Halafu nenda Gede kwenye mradi wa Kipepeo, tangu 1993 wananunua pupa za vipepeo (kiwavi akishajifunga kwenye ganda kabla ya kuwa kipepeo) kwa wakulima wa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, na viwavi wake wanataka majani ya miti ya kienyeji. Waulize wanahitaji aina gani, miti hiyo ndiyo upande mwanzo.